Tanati za Bwana Mkasi

Watu wa mtaa ule waliiita nyumba ya mume na mke wale nyumba ya mikasi. Mume alikuwa na mkasi wa kupogolea mizabibu, mfupi, wenye springi na mpini uliozungushiwa utepe. Mke alikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa, mrefu na mzito, na ole wake aliyeugusa hata kwa kukatia uzi wa kiatu. Ugomvi wao wa kwanza wa ndoa, kama mke mwenyewe alivyopenda kuusimulia huku akicheka, ulizuka siku mume alipouchukua mkasi ule akaenda kukatia waya wa shambani. Tangu hapo mume akabaki na jina la Bwana Mkasi, na mke akaitwa Fundi, maana alikuwa fundi cherehani, na sare za nusu ya watoto wa mtaani zilipita mikononi mwake.

Shamba lao lilikuwa mteremko wa mawe nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijito. Bwana Mkasi alilirithi kwa baba yake pamoja na mizabibu yake, ile ya zabibu tamu za kijani ambazo wachuuzi walizifuata wenyewe hadi mlangoni. Ilikuwa mizabibu mizuri, haina maneno. Ndiyo maana Fundi alipigwa na butwaa asubuhi moja alipochungulia dirishani akamwona mumewe anaing'oa kwa sululu safu baada ya safu, jasho linamtiririka, na kando yake kuna gunia lililoloweshwa maji.

Alitoka na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Umeingiwa na nini wewe?"

"Njoo uone," mumewe alisema, akafungua gunia.

Ndani mlikuwa na vipande vya matawi, vikavu kwa kuvitazama, kama vijiti vya kuwashia moto.

"Hizi zinaitwa Tanati. Ni zabibu nyeusi. Zinatoa mvinyo mwekundu, mzito, mkavu."

"Mvinyo mkavu ndiyo upi? Unatafunwa?"

"Mkavu maana yake sukari yote imeliwa na chachu. Hakuna utamu wa kujificha nyuma yake. Kilichomo kimo, na kisichomo hakimo."

"Na wewe uliyekulia kwenye zabibu tamu, unataka nini kwenye kitu kisicho na utamu?"

Bwana Mkasi alijifuta uso kwa kiganja. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Nataka kuijua," alisema.

Fundi alirudi kwenye cherehani yake akiwa amenuna. Hakuwa mtu wa mvinyo. Glasi moja kwenye harusi ilimtosha kwa mwaka mzima, na hata hiyo aliimaliza kwa adabu tu.

Miaka ya kwanza mizabibu haikuzaa chochote isipokuwa majani na lawama. Ilipozaa, vichala vyake vilikuwa vifupi, vimebanana kama ngumi. Bwana Mkasi alimletea mkewe kichala cha kwanza kwenye sahani, kama mtu anayeleta mgeni sebuleni. Ngozi ya zabibu ilikuwa nene. Utamu ulitangulia, halafu ukafuata ukakasi uliomkamata ulimi, ufizi na mashavu, kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi. Fundi alitema dirishani.

Mdogo wa mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na lao, alikuwapo siku hiyo na alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji," alisema, "kaka amekuletea mke mwenza. Jina lake Bi Kakasi."

Jina likashika. Kila Bwana Mkasi alipochelewa chakula, Fundi aliuliza kama alikuwa kwa Bi Kakasi, naye alijibu kwamba ndiyo, na kwamba bibi yule hajambo na anamsalimia.

Akishakula, alianza kusimulia. Alisimulia jinsi zabibu ile isivyopenda kuharakishwa, jinsi ukakasi wake unavyobadilika kadiri inavyoiva, kwamba aliyeivuna mapema hupata mvinyo wa kukwaruza koo, na kwamba kuna kitu cha kuangalia kwenye mbegu. Fundi alikuwa akipiga pindo za sketi huku akisema "ehe" na "kweli" kila pale sauti ya mumewe ilipotulia. Alimsikiliza kwa sikio moja. Lile jingine lilikuwa kwenye mishono.

Mvuno wa kwanza ulipelekwa kwenye ghala la mvinyo la ushirika. Mkuu wa ghala alikuwa mwanamke mrefu aliyesomea kazi yake na asiyejua kupaka maneno mafuta. Alionja, akakunja uso, akasema, "Huu unaweza kusindika ngozi za viatu." Kisha akaonja tena. "Lakini kuna kitu humu ndani. Niletee zilizoiva zaidi."

Bwana Mkasi alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi, kama mtu aliyesifiwa.

Kiharusi kilimkuta kwenye safu, katika msimu uliofuata, majani yakiwa yametanda. Fundi alimwita chakula, akaita tena, halafu akavuka kijito. Alimkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, na mkono wa kulia umelala pembeni kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alitaka kusema kitu, mdomo ukaenda upande.

Binti yao, aliyekuwa mwalimu katika mji wa mbali, alikuja kwa basi la kwanza. Wakakaa naye hospitali, wakipokezana kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Daktari aliwaeleza taratibu kwamba mgonjwa anaelewa karibu yote anayoambiwa. "Maneno yamo kichwani, mama," alimwambia Fundi. "Ila mlango umegoma kufunguka."

Siku moja Fundi alikuwa akimlisha uji akamuuliza kama ameshiba. Bwana Mkasi akajikaza, mishipa ikamtoka shingoni, akasema, "Bado."

Fundi aliweka bakuli chini na kumkumbatia. Binti alikimbia kumwita muuguzi. Walidhani neno moja litavuta mengine, kama mtu avutavyo uzi kwenye kibiringo.

Halikuvuta. Walipomuuliza anasikia baridi alisema bado. Anaumwa, bado. Anamtambua huyu ni nani, bado, na machozi yakamtoka, kwa kuwa alimtambua mdogo wake vizuri sana. Likawa ndilo neno lake pekee. Alilitumia kwa ndiyo, kwa hapana, kwa asante na kwa hasira. Siku binti alipoaga kurudi kazini, baba alimshika mkono kwa ule wa kushoto uliobaki na nguvu, akasema "bado, bado, bado," na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Waliporudi nyumbani, mambo ya kumwogesha, kumgeuza na kumvalisha, Fundi aliyazoea. Mwili una adabu zake, ukishazijua mikono inajifanyia. Kilichomla ndani ni kingine. Kwa miaka mtu huyu alikuwa akimsimulia, kila jioni, kitu alichokipenda kuliko vyote, na yeye alikuwa akihesabu mishono. Sasa angetoa cherehani yake, na meza ya kukatia pia, ili apate jioni moja tu kati ya zile. Alikumbuka kwamba aliambiwa jambo kuhusu mbegu. Jambo gani, hakukumbuka.

"Mama, liache hilo shamba," binti alimwambia kwenye simu. "Mpe baba mdogo alilime. Wewe una mgonjwa."

"Nitampa. Ngoja msimu huu upite."

"Kwa nini usubiri?"

"Anaangalia dirishani," Fundi alisema. "Kutwa nzima anaangalia kule."

Basi akaanza kuvuka kijito kila asubuhi, mumewe akishalishwa na kuegemezwa mito pale ambapo angeweza kumwona. Alifunga machipukizi kwenye waya, akapunguza majani yaliyovifunika vichala, akafanya mengine vibaya na kuyarudia. Shemeji yake alimwelekeza, ila yeye mwenyewe alilima zabibu za kijani na Tanati hakuzijua. Sare za shule zikalala kwenye kapu bila kushonwa. Wateja walivumilia kidogo, halafu mmoja mmoja wakaanza kupita mlango wake kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili, wakimsalimia kwa aibu.

Zabibu zilipoanza kuwa nyeusi alichukua chache kwenye kopo akaenda nazo ghalani. Mkuu wa ghala alizikamua na kupima mchuzi wake.

"Sukari inakaribia," alisema. "Lakini kwa hizi, sukari peke yake haina neno la mwisho. Lazima utafune ngozi, na utafune mbegu."

"Mbegu zinaniambia nini?"

"Mbegu mbichi ni ya kijani, chungu, inateleza na inakataa kuvunjika. Iliyoiva ni ya kahawia. Inavunjika kwa meno kama karanga iliyokaangwa, na ukakasi wake hauchomi. Bwana Mkasi alikuwa akitafuna hapa mbele yangu mpaka nasikia." Mwanamke yule alimrudishia kopo lake. "Kupima nitakupimia wakati wowote, mama. Kuonja siwezi kukuonjea."

Kesho yake Fundi alileta zabibu kitandani. Alimtilia mumewe moja mdomoni, naye akala moja. Wakatafuna pamoja, wakitazamana. Ukakasi ulipofika, ule upande mzima wa uso wa Bwana Mkasi ulijikunja wote, jicho likafumba, shavu likaingia ndani. Fundi alihisi uso wake mwenyewe umefanya vilevile. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," mumewe alisema.

Ikawa ndiyo kazi yao ya asubuhi. Fundi alichuma kwenye safu za juu, za katikati na za chini, akazileta kwenye vikombe vitatu, wakaonja kimoja kimoja. Akaanza kuona kwamba ukakasi si kitu kimoja. Kuna unaokwaruza kama kitambaa cha gunia, kuna unaoshika mbele kwenye meno, na kuna unaotanda ulimi mzima bila kuumiza. Alizungumza kwa lugha ya vitambaa kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. "Leo za chini bado gunia tupu," alimwambia. "Za juu zimekuwa kaniki." Bwana Mkasi alimsikiliza bila kupepesa, kwa masikio yote mawili, na Fundi alipoliona hilo ilimbidi atoke nje kwanza.

Kisha mawingu yakaanza kukusanyika juu ya mteremko. Mashamba yote yaliyowazunguka yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Shemeji yake alikuja mchana, hakukaa hata kwenye kiti.

"Vuna leo, shemeji. Mvua hiyo ikishuka, vichala vilivyobanana vile vitaoza vyote. Mimi na vijana wangu tuko tayari."

"Hazijaiva. Mbegu zina kijani."

"Zina sukari ya kutosha. Nani atazijua?"

Fundi alimgeukia mumewe. "Unasemaje?"

"Bado," Bwana Mkasi alisema.

Shemeji yake alishusha pumzi kwa kukata tamaa. "Shemeji, huyu hata ukimuuliza kama amezaliwa, atakwambia bado."

Shemeji aliona neno limeshamtoka na halirudi, akainamisha kichwa. Ndipo wakasikia sauti ngeni, ya kukoroma koroma. Bwana Mkasi alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, mabega yakitikisika, mpaka mate yakamtoka na Fundi akamfuta. Mdogo wake alipiga magoti kando ya kitanda, akaficha uso kwenye shuka, na haikujulikana kama naye anacheka au analia.

Fundi alitoka akaenda kusimama shambani peke yake. Lile neno la mumewe lisingemsaidia, na alilijua hilo. Lingeweza kuwa shauri la mtu aliyeishi na mizabibu ile, na lingeweza kuwa ni kile tu kilichobaki baada ya vingine vyote kuchukuliwa. Akatafuna mbegu. Akatafuna nyingine kwenye safu nyingine. Alirudi akamwambia shemeji yake kwamba anasubiri, na kwamba ni yeye anayesema, asilaumiwe mgonjwa.

Mvua ilinyesha usiku na mchana. Ilipoacha, safu za chini zilikuwa zimefanya ukungu wa kijivu, na vichala vilitoa harufu ya siki. Fundi alivikata kimoja kimoja na kuvitupa, mikono imemnata, akilia bila kujificha kwa kuwa hakukuwa na wa kumficha. Alilia kwa ajili ya zabibu, na baada ya kitambo akajua kwamba zabibu zimemaliza zamu yao na sasa anamlilia mumewe. Alipoinua kichwa alimwona shemeji yake anapanda mteremko na mkasi mkononi. Hakusema "nilikwambia." Alianza upande wa pili wa safu ile ile, wakakutana katikati.

Nusu ya shamba ilipotea. Jua likarudi kwa siku kadhaa, jepesi, likakausha zilizobaki. Asubuhi moja Fundi alileta kikombe cha safu za juu. Bwana Mkasi alitafuna. Mbegu ikavunjika kati ya meno yake kwa mlio mkavu, wakausikia wote wawili. Uso wake haukujikunja. Alimeza, akafungua mdomo apewe nyingine, kama mtoto. Akapewa, akafungua tena.

"Bado," alisema.

"Nimekusikia," Fundi alimjibu, akimpangusa kidevu. "Leo sikufuati." Akaenda kuwaita wavunaji.

Walimbeba na kiti chake hadi ukingoni mwa kijito akae aone. Mtu mmoja alimwekea kichala mapajani. Alikishika kwa mkono wa kushoto kazi ilipokuwa ikiendelea, hataki kichukuliwe, mpaka mchuzi mweusi ukapenya kwenye suruali. Doa lile Fundi hakulifua.

Alikufa mvinyo ukiwa umelala kwenye pipa, asubuhi ya baridi, Fundi akiwa jikoni anapasha uji. Kiharusi cha pili kilikuja bila vurugu. Aliporudi na bakuli alimkuta uso umegeukia dirishani, na hakusema kitu, hata lile neno lake. Binti alikuja na basi la kwanza kama mara ile. Walimzika, watu wakakaa nao siku zao, kisha kila mmoja akarudi kwenye mambo yake, ikabaki nyumba.

Mkuu wa ghala hakuwa na haraka na mvinyo ule. Mwaka ukapita, na mwingine ukakaribia kwisha, ndipo alipotuma salamu kwamba uko tayari. Fundi alivaa gauni lake la kijani akaenda. Ghala lilikuwa na ubaridi na harufu ya mbao zilizolowa. Mwanamke yule alimvutia kiti, akamimina.

Mvinyo ulikuwa mweusi katikati na mwekundu pembeni kabisa ya glasi. Fundi alinusa kwanza, kama alivyoelekezwa. Alisikia matunda meusi yaliyokaushwa, na kitu kama moshi wa mbali, na ngozi ya kiatu kipya. Akanywa. Haukuwa na sukari hata chembe. Ulijaza mdomo wote kwa uzito, na ukakasi ukaja nyuma yake bila papara, ukatanda, ukakaa.

"Vipi, mama?"

"Unashika," Fundi alisema. "Unashika sawasawa. Halafu unaachia polepole."

"Ndivyo."

"Ile mvua, haikuuharibu?"

"Ilipunguza wingi tu. Ungevuna siku ile, ningekuwa na mapipa mengi ya ule wa kusindikia ngozi."

Fundi aliizungusha glasi mezani. "Na yeye angesemaje?"

Mkuu wa ghala hakutaka kumdanganya. "Angetafuta kasoro kwanza. Angeipata moja, maana ipo. Halafu angenyamaza, akaomba nyingine."

Alipewa chupa ya kuondoka nayo. Alitembea njia nzima akipanga atakavyosimulia: rangi kwanza, halafu harufu, halafu ule ukakasi jinsi ulivyogeuka. Alipofika mlangoni alikuwa ameshafungua mdomo, na maneno ya kwanza yalikuwa yameshatoka, ndipo alipokumbuka kwamba ndani hakuna mtu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Simu ikalia, alikuwa binti.

"Umeonja? Ukoje?"

"Mzuri," Fundi alisema. "Mzuri sana."

Akataka kuendelea, sauti ikakataa. Binti akasubiri upande wa pili, wala hakumharakisha. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka binti akasema kwa sauti ndogo kwamba likizo ikifika atakuja, na asiimalize chupa.

"Nani wa kuimaliza?" Fundi alisema. "Njoo."

Baada ya simu alimimina kidogo kwenye kikombe cha chai, akanywa taratibu akiangalia mteremko, na akalia mpaka kilio kikaisha chenyewe. Nje shemeji yake alikuwa anapiga hodi. Alikuja kuomba vipande vya matawi ya Tanati, alitaka kupanda safu moja upande wake. Fundi aliosha uso, akafunga chupa, akatoka kwenda kumchagulia.